Moto Una Mwenyewe



Wapendwa waamini, kila kiangazi hapa Unyamwezi twaona usiku mistari myekundu ikitambaa msituni. Asubuhi twaulizana: ni nani aliyewasha? Jibu ni lile lile: moto wa porini hauna mwenyewe. Hebu tuitazame historia.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilipita katika misitu hii ya miyombo. Burton na Speke walifika hapa mwaka 1857, na Mapadri Weupe mwaka 1878. Moto ulikuwa umewatangulia wote. Watu walichoma nyasi kwa ajili ya mashamba na mawindo, na mlina asali alipanda mtini na kienge mkononi.

Katika miaka ya 1920, huko Shinyanga, kaskazini mwetu, Charles Swynnerton, mtaalamu wa serikali ya kikoloni, alipambana na mbung'o. Watu walizuiwa kuchoma nyasi mapema. Ziliachwa zikauke kabisa, kisha zikawashwa kwa pamoja mwishoni mwa kiangazi, ili moto mkali uue vichaka walimojificha mbung'o. Moto wa namna hiyo ulichaguliwa kwa sababu huangamiza.

Ndugu zangu, moto wetu wa Septemba na Oktoba ni huo huo. Hukuta miyombo ikichipua na kutoa maua; nyuki hukosa chakula, na mizinga ya magome huteketea. Walilolifanya wao kwa makusudi, sisi twalifanya kwa uzembe.

Nyasi zikichomwa Mei au Juni, zingali na unyevu, moto huwa mdogo na miti husalimika. Basi kijiji kikubaliane siku pamoja na afisa misitu. Ukanda ufyekwe kuzunguka shamba na mizinga. Moto uwashwe jioni, upepo ukitulia. Wala mtu asiondoke kabla haujazimika.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, chamwagiza aliyewasha moto ulioteketeza nafaka ya mwenzake ailipe. Mbele ya Mungu, basi, moto una mwenyewe. Katika kitubio hatusemi kwamba kosa limetendeka, twasema tumekosa. Aliyeunguza mizinga ya jirani yake na aanze kwa kumwendea jirani huyo, kisha aje kanisani.

Mungu awabariki nyote.