Bingwa Bila Daftari: Bao na Sataranji

Muulize mtu mzima wa Tukuyu, wilayani Rungwe, ni nani alitwaa ubingwa wa ligi ya Bara mwaka 1986, atakujibu kabla hujamaliza swali: Tukuyu Stars, Banyambala, waliowaacha Simba na Yanga mikono mitupu. Muulize tena ni nani alikuwa gwiji wa bao mjini hapo mwaka huohuo. Hapo patazuka ubishi. Huyu atamtaja mzee wa mtaa wa Bagamoyo, yule atamtetea wa Makandana, na hakuna atakayeweza kuonyesha hao wawili walicheza vipi. Mpira ulikuwa na magazeti na msimamo wa ligi. Bao lilikuwa na mashahidi tu, na mashahidi hufa.

Hilo ndilo jambo kubwa linalolitenga bao la kete na sataranji, ambayo vijana wenye simu huiita chesi. Kwa mengine, michezo hii ni ndugu. Hakuna dadu wala karata iliyofichwa. Kila kitu kiko wazi mbele ya wote wawili, na aliyeshindwa hana wa kumlaumu. Lakini kila mmoja umejengwa juu ya fikra yake. Sataranji ni himaya: mfalme, malkia, farasi, ngome na askari, kila mmoja na mwendo wake, na anayeliwa anatoka ubaoni asirudi. Kwenye bao kete zote 64 ni sawa. Mbegu ya mkomwe haina cheo, thamani yake ni shimo ilipokaa. Kete ikiliwa haifi, inahamia kwa aliyeila na kumpigania yeye. Zilianza 64, zitamaliza 64.

Tazama mkono mmoja tu wa bao. Kila mchezaji anaanza na kete sita kwenye nyumba, shimo lake kuu, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Anayenamua, yaani anayeingiza kete za mkononi, anaweka kete moja kwenye shimo lake la mbele lenye kete. Shimo la mpinzani linalolikabili likiwa nazo, anazila zote na kuzitembeza kuanzia kichwa, yaani shimo la pembeni la mstari wake wa mbele. Ya mwisho ikianguka penye kete na ng'ambo yake pana kete, anakula tena. Ikianguka penye kete na ng'ambo ni patupu, anaokota zote na kuendelea. Ikianguka patupu, analala. Safari moja ya namna hiyo inaweza kuvuruga sehemu kubwa ya mashimo 32, nayo ilitakiwa kuonekana akilini kabla ya kete ya kwanza kuwekwa. Bingwa wa sataranji huona mikono mingi inayofuatana. Bingwa wa bao huona mbali ndani ya mkono mmoja.

Sataranji ilizoeana na kalamu mapema. Ilianzia India, ikapita Uajemi, na kufikia karne ya 9 ilikuwa na vitabu vyake Baghdad. Abu Bakr as-Suli, aliyeng'ara mbele ya khalifa al-Muktafi mwanzoni mwa karne ya 10, aliacha fumbo la ubaoni na kujigamba kuwa hakuna awezaye kulifumbua ila aliyefundishwa naye. Fumbo likakaa karibu miaka elfu, hadi Mrusi Yuri Averbakh alipotoa jibu lake miaka ya 1980. Chukua pia Paul Morphy, Mmarekani aliyecheza dhidi ya waheshimiwa wawili ndani ya jumba la opera la Paris mwaka 1858. Mkono wa 16 alimtoa malkia wake aliwe. Wa 17, ngome yake ikammaliza mfalme wa wapinzani. Mwanafunzi wa Katumba anaweza kuirudia mikono hiyo yote usiku wa leo, akajifunza kwa mtu aliyekufa mwaka 1884.

Kati ya njia hizi mbili, ya mashahidi na ya kalamu, amesimama mtu mmoja anayestahili kujulikana zaidi: Sultan Khan wa Punjab. Alifadhiliwa na tajiri Umar Hayat Khan, na aliukulia mchezo wa Kihindi, ambao kanuni zake zilitofautiana na za Ulaya. Vitabu vya Wazungu havikumlea. Alilelewa na kucheza. Mfadhili wake alipomchukua kwenda Uingereza, alitwaa ubingwa wa nchi hiyo mwaka 1929, 1932 na 1933, na huko Hastings akamshinda Capablanca, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Kisha akarudi kwao na kufariki mwaka 1966. Mwaka 2024 shirikisho la dunia la mchezo huo, FIDE, lilimpa heshima ya cheo cha grandmasta, miaka 58 baada ya kuzikwa. Ushahidi ulikuwepo kwa sababu michezo yake iliandikwa. Sultan Khan alifunzwa kama wanavyofunzwa wachezaji wa bao, lakini jina lake liliokolewa na daftari la sataranji. Lau angekuwa bingwa wa bao, tungebaki na sifa zake tu.

Mtu asidhani kwamba bao haliandikiki. Mholanzi Alex de Voogt aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar, akachapisha utafiti wake mwaka 1995, naye aliinakili michezo yao mkono kwa mkono. Kinachohitajika ni kuyapa mashimo namba, kisha kutaja shimo na upande ambao kete zimeelekea. Mwalimu Nyerere alipenda bao, na picha zinamwonyesha akiwa ameliinamia. Picha hizo zinatwambia alicheza. Hazitwambii alianzia shimo gani, wala kama nyumba yake ilisalimika.

Hata hivyo, kutoandika kumelipatia bao kitu ambacho sataranji inakitafuta. Kumbukumbu ikizidi, inageuka mzigo. Mwanafunzi wa sataranji leo anaweza kukariri mikono kumi na tano ya mwanzo bila kuelewa hata mmoja, na mpinzani akitoka nje ya alichokariri, anapotea. Bobby Fischer, bingwa wa dunia wa mwaka 1972, alichoshwa na hali hiyo. Mwaka 1996, akiwa Buenos Aires, alitangaza sataranji mpya ambamo vipande vya mstari wa nyuma hupangwa kwa bahati, mipangilio 960, ili mtu alazimike kufikiri tangu mkono wa kwanza. Mzee wa bao hajawahi kuihitaji dawa hiyo.

Tofauti hiyo inaonekana pia katika kujifunza. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi Unyakyusa, nchi inayoizunguka Tukuyu, na mumewe Godfrey miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha 1951 jinsi wavulana wa rika moja walivyotoka kwa wazazi na kujenga kijiji chao. Utu, adabu na maneno ya busara vilipatikana kwa kukaa na wenzako. Kijiwe cha bao bado kinafundisha hivyo. Watazamaji hawanyamazi: huyu anaguna, yule anacheka kabla kete hazijatua, na kijana aliyesimama nyuma anaelewa kuwa kosa limefanyika kabla hajajua ni lipi. Ndivyo pia sataranji ilivyostawi Katwe, mjini Kampala. Phiona Mutesi, mchezaji mashuhuri wa Uganda, alikuwa na mwalimu, Robert Katende, lakini aliyemwonyesha mwendo wa vipande alikuwa msichana mdogo kuliko yeye. Vitabu vya mchezo vilikuja baadaye.

Kwa hiyo kuuliza mchezo upi ni bora ni kupoteza muda. Sataranji ina wafu wanaofundisha, ila inamruhusu mwanafunzi ajifungie nao peke yake hadi asahau kuwa mchezo ni wa watu wawili. Bao lina walio hai wanaofundisha, ila kila msiba unaondoka na darasa zima. Anayejifunza chesi Rungwe angefaidika akiizima simu mara mojamoja na kutafuta kijiwe cha watu watakaomgunia. Anayecheza bao angemruhusu mjukuu aliyesoma akae kando na kalamu, ayape mashimo namba na kuandika mchezo mmoja tangu namua hadi mwisho. La kwanza litakuwa gumu zaidi, maana simu haimcheki mtu. La pili linaweza kuanza kesho.