Kutoka Makerere hadi Nyegezi: miaka 60 ya kumsomesha mwalimu wa Kiingereza

Mwaka 1961 meli mpya, Victoria, ilianza kuzunguka ziwa letu ikigusa Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Iliundwa Glasgow, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kisumu na kuungwa upya. Mwezi Januari mwaka huohuo, mwendo mfupi kutoka Port Bell, wajumbe wa nchi zaidi ya 20 za Jumuiya ya Madola walikutana katika kilima cha Makerere kujadili namna ya kuwafundisha Kiingereza watoto waliozaliwa na lugha nyingine. Mkutano huo usichanganywe na ule wa waandishi wa Afrika wa Juni 1962, ambao wapenzi wa fasihi wanaujua vizuri. Huu wa 1961 hausimuliwi sana. Lakini ndio ulioingia katika madarasa ya sekondari, kuanzia Bwiru na Nsumba hapa Mwanza hadi Ihungo kule Bukoba, na bado haujatoka.

Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, enzi hizo chuo kikuu kilikuwa Makerere. Tanganyika haikuwa na chake hadi Oktoba 1961, nacho kilianza na kitivo cha sheria tu, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kijana wa Butiama, Julius Nyerere, alikwishapita Makerere kusomea ualimu kati ya 1943 na 1945, kabla ya kufundisha Tabora na baadaye Pugu. Ualimu wa ngazi ya juu zaidi, yaani stashahada ya mtu aliyekwisha kupata digrii, nao ulisomewa kilimani palepale. Ukitafuta chimbuko la elimu ya uzamili ya mwalimu wa Kiingereza pande hizi, utalikuta kwenye ukingo wa ziwa hili.

Waliojaza madarasa ya stashahada hiyo mwanzoni walikuwa wageni. Mwaka 1961 Marekani ilianzisha mpango wa walimu wa Afrika Mashariki, ukisimamiwa na Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Vijana wenye digrii ambao hawajawahi kushika chaki walipelekwa Makerere kwanza, wakasomea ualimu na kufanya mazoezi ya kufundisha, kisha wakatawanywa katika sekondari za Uganda, Kenya na Tanganyika. Kufikia 1964 walikuwa mamia, Wamarekani na Waingereza. Ilikuwa dharura ya kweli: uhuru umefika, sekondari zinafunguliwa, na wenyeji wenye digrii wanahesabika. Baada ya hapo nguvu zikahamishiwa kwenye vyuo vya ualimu, ili wenyeji wenyewe wafundishwe kufundisha.

Walimu hao walifundishwa nini? Hapo ndipo mkutano wa Makerere unapoingia. Mwaka 1992 mwanaisimu Robert Phillipson aliufukua katika kitabu chake Linguistic Imperialism, akatoa humo imani tano alizoona zimekuwa kama sheria za kazi hii. Kwamba Kiingereza hufundishwa vyema kwa Kiingereza kitupu. Kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa nacho. Kwamba mtoto akianzishwa mapema zaidi atakijua zaidi, na kikifundishwa kwa wingi zaidi matokeo yatakuwa mazuri zaidi. Na kwamba lugha nyingine zikipewa nafasi darasani, kiwango cha Kiingereza kitashuka. Phillipson alizipinga zote tano, moja baada ya nyingine.

Mtu anaweza kubishana naye juu ya siasa za kitabu chake. Juu ya imani ya kwanza na ya tano, mimi niko upande wake bila kusita, na sababu ziko hapahapa. Ingia kidato cha kwanza cha sekondari ya kata huko Ukerewe. Mtoto ameamka na Kikerewe au Kijita, ameelekea shuleni na Kiswahili, amesoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili miaka 7, na leo mwalimu wa historia, wa baiolojia na wa jiografia wote wanamtaka afikiri kwa Kiingereza. Fungua daftari lake la insha. Ameandika habari za mama yake, na sentensi ya pili anamwita “he”. Mwalimu anapiga mstari mwekundu. Ukurasa unaofuata kosa lilelile, kwa dada yake.

Mwalimu aliyesomea kazi hii hashangai. Anajua kwamba Kiswahili hakibagui mume na mke katika “yeye”, na Kikerewe vilevile, kwa hiyo mtoto huyu hajawahi kulazimika kuligusa jambo hilo tangu aanze kusema. Akilieleza kwa Kiswahili, kwa dakika 5, darasa zima linaona kinachotakiwa. Akikatazwa kutumia Kiswahili, atapiga mistari myekundu hadi kidato cha nne. Ndivyo ilivyo pia kwa watoto wa Kisukuma ambao “l” na “r” kwao ni sauti moja: wanachohitaji ni mwalimu anayejua sauti za lugha ya nyumbani kwao na kuwaonyesha ulimi unakaa wapi. Maarifa ya namna hii hayapatikani kwa kuzaliwa London. Hupatikana kwa kusoma, na hapo ndipo uzamili unapokuwa na maana kwetu.

Historia haikutupa nafasi ya kuyajenga maarifa hayo polepole. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi, na Kiingereza kikabaki somo, kikisubiri sekondari. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ukingoni mwa ziwa hilihili, ikaamua kila mtoto awe darasani ifikapo 1977. Uamuzi huo nauheshimu. Uliwaingiza shuleni watoto wa wakulima na wavuvi ambao wangebaki nje maisha yao yote. Lakini walimu hawakuwepo, na wakaokotwa miongoni mwa waliomaliza darasa la saba, wakajifunza kazi huku wakiifanya vijijini. Aliyeshika somo la Kiingereza mara nyingi alikuwa na kile alichotoka nacho darasani mwake mwenyewe. Azimio hilohilo liliwataka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu, na safari ya kufika uzamili ikazidi kurefuka.

Miaka ya 1980 ndiyo iliyoweka kila kitu mezani. Tume ya Rais chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari mwaka 1985. Mwaka 1983 Serikali ikalikataa pendekezo hilo. Mwaka uliofuata Waingereza wawili, Clive Criper na William Dodd, walitoa ripoti yao juu ya hali ya Kiingereza mashuleni, na waliyoyaandika yanatisha hadi leo: takriban mwanafunzi 1 tu kati ya 10 wa kidato cha nne alikuwa amefikia kiwango ambacho mtu angetegemea masomo kwa Kiingereza yaanze. Yaani kile ambacho mtoto alipaswa kuwa nacho siku anaingia, wenzake 9 walikuwa hawajakipata siku wanatoka. Na bado ripoti ilishauri Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia. Mwaka 1987 ukaja mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, kwa fedha za Uingereza, ukileta vitabu vya kusoma na semina za walimu.

Walimu na wakufunzi waliochaguliwa wakapanda ndege kwenda kuchukua uzamili ng'ambo. Edinburgh, alikokuwa akifundisha Criper, kulikuwa na idara ya isimu tumizi tangu 1957. Marekani nako walimu wa fani hii walikuwa na chama chao, TESOL, tangu 1966. Waliosoma huko walirudi na mengi mazuri: namna ya kutunga mtihani unaopima kweli, namna ya kumsomesha mtoto kitabu kizima badala ya kukariri kanuni. Ila darasa la mfano katika mihadhara mingi ya ng'ambo lilikuwa la watu wazima wachache wanaojifunza Kiingereza katika nchi ya Waingereza. Lililowasubiri huku lilikuwa la watoto 80, vitabu vitano, na somo linalofuata ni fizikia kwa lugha hiyohiyo.

Walioanza kuandika kutokea darasa hilo ni wasomi wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1990 Casmir Rubagumya alihariri kitabu juu ya lugha katika elimu kwa jicho la Tanzania, na mwaka 1994 akachapisha uchunguzi wa jinsi walimu wa sekondari wanavyotumia lugha mbili wakifundisha. Kile ambacho wakaguzi walikihesabu kuwa utovu wa nidhamu, yeye alikichunguza kama kazi. Martha Qorro naye alifuatilia uandishi wa wanafunzi, na mwaka 1997 akaandika pamoja na Zaline Roy-Campbell kitabu juu ya mgogoro wa lugha Tanzania. Kuanzia 2002, pamoja na Birgit Brock-Utne wa Chuo Kikuu cha Oslo na wenzao wa Afrika Kusini, Watanzania walilinganisha madarasa yaliyofundishwa kwa lugha mbalimbali. Hoja ya Makerere ya 1961 ilianza kujibiwa na watu waliosoma katika madarasa yaliyohusika.

Kwa mwalimu wa Mwanza, hata hivyo, Dar es Salaam ilibaki mbali. Kuacha kituo cha kazi na familia kwa miaka miwili ni jambo ambalo wengi hawakuliweza. Mambo yalibadilika uzamili ulipomfuata alipo. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, kilimwezesha kusoma akiwa kazini. Na pale Nyegezi, taasisi ya mafunzo ya jamii ambayo Askofu Joseph Blomjous aliianzisha mwaka 1960 iligeuka Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Leo mwalimu anaweza kusomea hapo stashahada ya uzamili ya elimu, uzamili wa elimu au wa isimu, akitokea Sengerema kupitia Daraja la Magufuli lililofunguliwa Juni 2025, wala hasubiri kivuko pale Kigongo kama watangulizi wake.

Nafasi hiyo ilikuja wakati mgumu. Mpango wa maendeleo ya sekondari ulioanza 2004 ulizaa shule za kata kila mahali, na zikajazwa na vijana wa kidato cha sita waliopikwa kwa majuma machache, waliopewa mtaani jina la “vodafasta”. Wengi wao hawakuishia hapo. Walisoma digrii kwa jasho lao, na sasa wamo miongoni mwa wanaoandika andalio la somo asubuhi na tasnifu usiku.

Tasnifu hizo ndizo ninazozisemea. Maswali yanayoweza kuulizwa na kujibiwa huku ni mengi, na hayawezi kuulizwa vizuri mahali pengine: Kiswahili kinamsaidia vipi mtoto wa kidato cha kwanza kuelewa habari aliyoisoma kwa Kiingereza? Makosa ya watoto wa Kisukuma, Kijita na Kizinza yanatofautianaje? Kwenye darasa la watoto 80, mazoezi gani ya kuzungumza yanafanyika kweli? Mwalimu akishasahihishiwa na msimamizi na kutetea kazi yake, nakala inawekwa maktaba ya chuo, na mara nyingi hapo ndipo safari yake inapoishia.

Chuo cha Ualimu Butimba kiko jirani na Nyegezi, safari fupi ya daladala. Humo wamo vijana ambao mwakani watasimama mbele ya watoto haohao. Vyuo vyetu vingeanza na jambo dogo linalowezekana muhula huu: kila tasnifu iliyoandikwa juu ya madarasa ya Kanda ya Ziwa ipate muhtasari wa kurasa nne kwa Kiswahili, upelekwe Butimba kabla ya vijana kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na mwalimu aliyeiandika aitwe kuwaeleza alichokiona.