Rangi ya mafuta na rangi ya akriliki

Rangi ya mafuta (nomino, ngeli ya I-/ZI-) ina maana mbili katika Kiswahili cha Tanzania, na maana hizo zinaweza kukutana mbele ya picha moja. Katika vitabu vya sanaa, ni rangi ya mchoraji ambayo unga wake umesagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani. Katika duka la vifaa vya ujenzi, ni rangi yoyote ya kopo inayozimuliwa kwa thina badala ya maji: ya milango, madirisha, mageti na baiskeli. Mnunuzi anayesimama mbele ya picha ya Mlima Meru katika soko la vinyago la Arusha na kuuliza imechorwa kwa nini, anaweza kujibiwa “rangi ya mafuta” na muuzaji asiyesema uongo hata kidogo, kisha akaondoka na kitu tofauti na alichodhani amenunua.

Sehemu ya mkanganyiko huu imo katika a-unganifu, ambao huonyesha kuwa maneno mawili yanahusiana bila kusema yanahusiana vipi. Katika rangi ya kucha huonyesha matumizi. Katika rangi ya chungwa na rangi ya maziwa huonyesha mfanano. Katika rangi ya mafuta huonyesha kilichomo. Rangi ya maji ya kunde haina maji wala kunde: ni rangi ya ngozi ya mtu, na mwanafunzi mgeni aliyezoea kwamba rangi ya maji ni ya kupaka ukutani hulazimika kuanza upya. Neno rangi lenyewe, lenye asili ya Kiajemi, hubeba kwa pamoja kile kinachoonekana na kile kinachopakwa, mambo ambayo Kiingereza, kwa mfano, huyapa majina mawili. Ndiyo maana picha ya rangi kwa kawaida ni picha ya kamera isiyo nyeusi na nyeupe, ilhali picha ya rangi ya mafuta ni kitu kingine kabisa.

Fundi rangi wa Arusha, kama wenzake kote nchini, hugawa rangi kwa kigezo kimoja: brashi inaoshwa kwa nini? Ikioshwa kwa maji, ni rangi ya maji; ikihitaji thina au tapentaini, ni rangi ya mafuta. Ni mgawanyo wenye akili. Humwonyesha fundi namna ya kuzimua na muda wa kusubiri, na humkumbusha jambo ambalo wachoraji hufundishwa darasani na mafundi hulijua kwa hasara: rangi ya maji ikipakwa juu ya rangi ya mafuta inayong’aa haishiki vizuri, na baada ya muda hubanduka kama maganda. Tatizo ni kwamba mgawanyo huo huiweka akriliki katika kapu moja na rangi za maji za watoto wa shule. Mfasiri akikuta “picha ya rangi ya maji” katika orodha ya maonyesho, bila kujua kuwa aliyeandika alimaanisha akriliki, ataipeleka katika lugha nyingine kama picha ya karatasi inayohitaji kufunikwa kwa kioo na inayoharibiwa na tone moja la mvua. Akriliki ikishakauka hairudi kuwa rangi majimaji hata ikimwagiwa maji. Picha hizi mbili hutofautiana kwa bei, kwa matunzo, na kwa namna ya kuzisafirisha.

Kinachotenganisha rangi hizi hasa ni namna zinavyokuwa ngumu, na hapa Kiswahili cha kila siku hutumia kitenzi kimoja, kukauka, kwa matendo mawili yasiyofanana. Akriliki ni chembe ndogo za polima, yaani plastiki, zilizoelea ndani ya maji. Maji yanapotoka, chembe hizo hukaribiana na kuungana kuwa utando. Tabaka jembamba huwa tayari kwa dakika chache. Hapo kukauka ni kukauka kweli, kama shati kwenye kamba. Mafuta ya kitani hayatoki yakaenda popote. Hubaki pale pale, yakavuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka taratibu kuwa kitu kigumu, hata yakaongezeka uzito kidogo katika kipindi hicho. Juu huweza kushikika baada ya siku kadhaa au wiki mbili, lakini ndani ya tabaka nene kazi huendelea kwa miezi mingi. Anayeandika kwa wasomaji wa sanaa anaweza kusema akriliki hukauka na rangi ya mafuta hukomaa. Tofauti hiyo inaeleweka bila maelezo ya ziada.

Wala si mafuta yoyote yafaayo. Mafuta ya nazi na ya mawese hayakomai hata yakiachwa mwaka mzima, na picha iliyosagiwa humo ingebaki inanata. Ya alizeti hukomaa nusunusu na polepole. Kitani, jozi na mbegu za mpopi ndizo zilizokubalika tangu zamani. Kwa hiyo neno mafuta katika istilahi hii limebana maana yake sana kuliko lilivyo jikoni, na kwa kuwa mafuta pia ni petroli na dizeli, uandishi wa mkato wa “picha ya mafuta” unapaswa kuepukwa. Msomaji anaweza kutegemea picha ya pipa.

Hakuna mahali mkanganyiko huu umegharimu zaidi kuliko katika maelezo ya picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968 na akafariki mwaka 1972. Alichora juu ya vipande vya hadibodi, mbao bapa za viwandani, kwa rangi ya kung’aa ya kopo ambayo watu wengi huiita rangi ya baiskeli. Rangi za aina hiyo huitwa enameli, na nyingi zilizotengenezwa katika nusu ya pili ya karne ya 20 zina utomvu wa viwandani uliounganishwa na mafuta ya mimea. Fundi anayeziita rangi ya mafuta hajakosea. Lakini maelezo hayo yakitafsiriwa kwa istilahi ya majumba ya sanaa ya Ulaya, msomaji huona mtu aliyekaa na vibomba vya rangi ya kitani na kitambaa kilichowambwa, na historia nzima ya mchoraji aliyetumia kilichouzwa dukani karibu naye inafutika kwa maneno mawili. Picha nyingi za mtindo huo zinazouzwa leo Arusha ziko juu ya kitambaa, na nyingine ni za akriliki, hivyo jina la mtindo halitoshi kutaja rangi. Tingatinga ni namna ya kuchora. Enameli ndiyo rangi aliyoitumia mwanzilishi wake.

Je, anayetakiwa kuandika maelezo ya picha, na mchoraji hayupo wa kuulizwa, afanye nini? Kwanza atazame umri. Akriliki za kuzimuliwa kwa maji zilianza kuuzwa kwa wachoraji nchini Marekani katika miaka ya 1950, basi picha iliyothibitishwa kuwa ya kabla ya hapo haiwezi kuwa ya rangi hiyo. Kwa picha za Arusha kigezo hiki husaidia mara chache, kwa kuwa nyingi zilichorwa juzi.

Pua hutangulia macho. Rangi ya mafuta isiyokomaa hunuka mafuta ya kitani na tapentaini kwa wiki nyingi, hata miezi kama ni nene; akriliki kavu karibu haina harufu. Harufu kali ya thina bila ule uzito wa mafuta huelekeza kwenye enameli. Baadaye harufu zote hupotea, na picha ya miaka 10 haisemi lolote puani.

Baada ya hapo ni uso wa picha, utazamwe kwa mwanga wa kutoka ubavuni. Rangi ya mafuta hung’aa bila usawa: hapa panameta, pale pamefifia mahali ambapo mafuta yamefyonzwa na kitambaa. Akriliki huwa na mng’ao wa aina moja, wa kiplastiki, toka pembe hadi pembe. Katika rangi ya mafuta, mpito kutoka rangi moja kwenda nyingine, kama anga la jioni nyuma ya Meru, huwa laini, kwa sababu mchoraji alikuwa na saa nyingi za kuchanganya rangi zikiwa bado mbichi juu ya kitambaa. Mchoraji wa akriliki hupata dakika tu, na kingo za mapigo ya brashi yake huonekana zimekatika. Dalili hii si hukumu, maana ziko dawa za kuchelewesha akriliki, na mikono ya wachoraji haifanani.

Picha za kisu zinahitaji jicho la pekee. Ni zile za Wamasai warefu waliovaa shuka nyekundu, rangi ikiwa imetandazwa kwa bapa la kisu hadi ikasimama matuta, na Arusha huzipati kwa shida. Rangi ya mafuta haipotezi ujazo mkubwa inapokomaa, hivyo matuta yake hubaki na ncha kali kama kisu kilivyoziacha. Akriliki hupoteza maji na kusinyaa, na matuta yake mara nyingi huishia mviringo. Ukucha ukigusa tuta nene la mafuta la mwezi uliopita, juu ni pagumu na ndani panabonyea.

Mazingira ya biashara nayo yana ushahidi wake. Mtalii anayerudi kutoka Serengeti au Ngorongoro na kupanda ndege kesho yake hutaka picha ikunjwe kama mkeka na kutiwa kwenye bomba. Rangi ya mafuta iliyopakwa nene wiki iliyopita haivumilii hilo, hasa katika baridi ya Juni hadi Agosti, wakati mawingu hukaa juu ya jiji lililo takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari na rangi hukomaa polepole zaidi. Mchoraji anayeishi kwa mauzo ya siku ana sababu nzuri ya kuchagua akriliki, na si dalili ya uvivu wala ya sanaa duni. Akriliki ina udhaifu wake: kwenye jua hulainika, na picha zilizopangwa uso kwa uso hugandamana, kwenye baridi kali, kama ya majira ya theluji Ulaya, hukakamaa na inaweza kupasuka ikikunjuliwa ghafla. Mipasuko myembamba kama utando wa buibui katika picha iliyotundikwa miaka mingi bila kukunjwa, kwa upande mwingine, huashiria mafuta zaidi kuliko akriliki.

Baadhi ya watu hupendekeza jaribio la spiriti: pamba iliyoloweshwa spiriti husuguliwa pembeni, na rangi ikitoka, ni akriliki. Ni kweli kwamba spiriti hulainisha akriliki kuliko inavyogusa mafuta yaliyokomaa. Hata hivyo, mafuta ambayo hayajakomaa nayo huweza kuachia rangi, na vanishi iliyopakwa juu inaweza kuyeyuka kabla ya rangi kufikiwa. Isitoshe, vitambaa vingi vya kuchorea siku hizi hupakwa kwanza tabaka jeupe la akriliki, hata vinapokusudiwa kwa rangi ya mafuta. Anayesugua ukingo mweupe anapima tabaka hilo, siyo picha. Wapo pia wanaoanza kwa akriliki na kumalizia kwa mafuta, na hapo majibu yote mawili ni sahihi. Jaribio hili huacha alama isiyofutika, na hakuna sababu ya mwandishi wa maelezo kulifanya kwenye mali ya mtu mwingine. Akibaki na shaka, aandike “rangi haijathibitishwa”.

Kwa mfasiri na mwalimu, uamuzi wa matumizi unaweza kuwa huu. Rangi ya mafuta iachwe kuwa jina la jumla, kama wasemaji walivyoliamua, na panapohitajika usahihi iandikwe rangi ya mafuta ya kitani. Ile ya kopo iitwe enameli. Rangi ya akriliki itajwe kwa jina lake kila mara, pamoja na neno rangi, kwa sababu akriliki peke yake ni pia uzi wa sweta na kucha za bandia saluni. Rangi ya maji itumike kwa ukuta, au kwa picha za karatasi muktadha ukiwa wazi. Baina ya picha na rangi, muundo wenye kitenzi na kwa ni bora kuliko msururu wa a-unganifu: Picha imechorwa kwa enameli juu ya hadibodi, Picha tatu zilizochorwa kwa rangi ya akriliki. Katika wingi, picha za rangi ya mafuta humaanisha picha nyingi za aina moja ya rangi. Rangi za mafuta hufaa pale zinapotajwa rangi zenyewe, nyekundu, buluu na nyinginezo, kila moja katika kibomba chake.

Kuhusu kitambaa, vitabu kadhaa hutumia turubai. Kwa msomaji wa Arusha, turubai ni lile linalofunika mizigo ya lori au kivuli cha waombolezaji msibani, na sentensi “alichora juu ya turubai” inaweza kumpa taswira ya kazi kubwa mno. Kanvasi inaeleweka na wachoraji. Kitambaa cha kuchorea kinaeleweka na wote.