Taa nyekundu ya freni: kuongeza mafuta peke yake haitoshi
Kwenye tablo ya gari, taa nyekundu ya freni inawaka mara nyingi kwa sababu mbili: freni ya mkono haijashushwa, ao mafuta ya freni yamepunguka ndani ya kopo lake. Mashofere wengi wanaongeza kidogo, taa inazimika, safari inaendelea. Hapo ndipo hatari iko.

Mafuta ya freni hayaungui kama mazuti. Yakipunguka, ao plaketi zimelika, ao kuna pahali panavuja: kwenye bomba, kwenye mpira, nyuma ya gurudumu. Plaketi zikiwa zimeisha, kuongeza ni kuficha ugonjwa. Kama yanavuja, pedali inaweza kuzama mpaka chini, na kwenye mteremko wa Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, lori lenye mizigo halina pa kukimbilia.

Mafuta ya moteri yasimwagwe humo hata kidogo, yanavimbisha mipira. Kifuniko cha kopo kinaonyesha aina: DOT 3 ao DOT 4. Chupa iliyokaa wazi siku nyingi inavuta unyevu, na mafuta hayo yanachemka upesi freni zikipata moto. Fundi atoe magurudumu kwanza, aangalie, kisha ndipo aongeze.