Kukombolewa kwa Mombasa, 1698 na 1729

Katika masimulizi mengi ya historia ya pwani, kuanguka kwa Ngome ya Yesu mnamo Desemba 1698 hutajwa kuwa ndiko kukombolewa kwa Mombasa kutoka mikononi mwa Wareno. Tarehe ni sahihi. Neno ndilo linalohitaji kupimwa. Kukomboa, kwa maana yake kongwe, ni kutoa fidia ili kilichowekwa rehani au aliyetekwa arudi kwa wenyewe. Basi yafaa kuuliza: mwaka ule mji ulirudi kwa nani?

Uadui baina ya Mombasa na Wareno ulikuwa wa siku nyingi. Mji uliporwa na kuchomwa moto mwaka 1505, na kuanzia 1593 ngome ikajengwa kando ya mlango wa bandari, ili biashara na wenyeji viwe chini ya mizinga. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na kubatizwa Goa, aliwageukia walezi wake akaitwaa ngome. Mwaka uliofuata aliiacha, nao Wareno wakarejea. Ilidhihirika kwamba kuitwaa ngome ni jambo moja, na kuishika pasipo nguvu za baharini ni jingine. Ndipo macho ya wengi yalipoelekea Oman, ambako Wareno walikuwa wamefukuzwa Maskati mwaka 1650.

Merikebu za Imamu Saif bin Sultan zilitia nanga Mombasa mnamo Machi 1696. Ndani ya ngome walikuwamo askari wa Kireno wasiotimia mia, pamoja na mamia ya watu wa pwani, waume kwa wake. Wala pwani haikuwa na kauli moja. Pate iliwaunga mkono Waomani; Faza, jirani na hasimu wake katika kisiwa kile kile, ilisimama na Wareno. Malkia Fatuma wa Unguja aliwapelekea vyakula waliozingirwa. Maradhi yalipowafyeka askari wa Kireno mwaka 1697, aliyeshika amri ya ngome hadi msaada ulipofika kwa bahari alikuwa Bwana Daud wa Faza. Hivyo ngome ya Mreno ikatetewa na Waswahili dhidi ya Waomani na Waswahili wenzao.

Msaada huo nao haukuiokoa. Mnamo Oktoba 1697 merikebu Santo António de Tanná ilizama chini ya kuta za ngome. Mabaki yake yalichunguzwa na wanaakiolojia kati ya 1977 na 1980. Baada ya miezi 33 ngome iliangukia mikononi mwa Waomani, Wareno waliosalia wakiwa wachache mno. Merikebu nyingine za msaada zilipowasili siku chache baadaye, zilikuta bendera ya Oman ikipepea juu ya kuta. Funguo za mji zilikuwa zimehama kutoka kwa mgeni mmoja hadi kwa mgeni mwingine.

Haikupita miaka thelathini na mitano kabla ya jambo hilo kujulikana. Oman ilipoingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Wareno walirejea Mombasa mnamo Machi 1728, safari hii wakisaidiwa na Pate, ile ile iliyopigana nao zamani. Lakini mwaka 1729 watu wa Mombasa waliinuka, wakawazingira ngomeni; na mnamo Novemba Wareno wakasalimu amri, wasiutawale mji huo tena. Hapakuwa na merikebu za Imamu bandarini. Kazi ilikuwa ya wenyeji.

Ni kweli kwamba baadaye wenyeji hao walipeleka wajumbe Oman kuomba ulinzi. Wako watakaosema kuwa jambo hilo labatilisha ushindi wao. La hasha. Aombaye mlinzi akiwa ameshika funguo hayuko sawa na apewaye bwana baada ya vita. Maliwali wa Kimazrui, waliotawala hadi 1837, hawakuweza kuuendesha mji pasipo ridhaa ya mashehe wa Thenashara Taifa. Na msingi wa desturi hiyo haukosi kuhusiana na mwaka 1729.

Kwa hiyo, ikiwa neno kukomboa litatumiwa kwa maana yake kamili, mwaka 1729 ndio unaolistahiki zaidi, ijapokuwa ni ule wa 1698 unaokumbukwa na wengi.