Kizazi Kimoja ni Miaka Mingapi?

Mwaka 1967 Vincent Sarich na Allan Wilson wa Berkeley, Marekani, walilinganisha albumini, protini ya damu, ya binadamu na ya nyani wakubwa, wakasema binadamu na sokwe waliachana yapata miaka milioni 5 tu iliyopita. Walitegemea wazo la Emile Zuckerkandl na Linus Pauling kwamba protini hubadilika kwa mwendo wa saa. Wataalamu wa visukuku waliguna. Wao walikuwa na mataya ya kiumbe wa kale aitwaye Ramapithecus, pamoja na yale aliyofukua Louis Leakey huko Fort Ternan, Kenya, yenye miaka milioni 14, na waliyahesabu kuwa ya ukoo wa binadamu. Ubishi ulipoa mwanzoni mwa miaka ya 1980, fuvu la kiumbe wa aina hiyo kutoka Pakistan lilipoonyesha uso wa jamaa wa orangutani, si wa binadamu.

Hata hivyo saa yenyewe haikwenda sawa kwa wote. DNA ya panya ilionekana kubadilika haraka kuliko ya binadamu, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kizazi: panya huzaa angali na umri wa miezi michache, kwa hiyo makosa ya kunakili DNA hurithishwa mara nyingi zaidi katika karne moja.

Mwaka 2012 uchunguzi wa familia 78 za Iceland ulihesabu mabadiliko mapya ya DNA kwa mtoto mmoja mmoja. Kila mwaka wa umri wa baba uliongeza mawili hivi. Kasi iliyopatikana ilikuwa karibu nusu ya ile iliyozoeleka. Ila hiyo ni kasi ya kizazi, si ya mwaka. Vizazi 300,000 vya miaka 20 ni miaka milioni 6. Vikiwa vya miaka 25, ni milioni 7.5.

Basi kizazi cha sokwe ni miaka mingapi? Jibu lilitoka msituni. Gombe, Kigoma, sokwe wamefuatiliwa tangu Jane Goodall alipofika Julai 1960. Kumjua mama wa mtoto hakukuwa na shaka, maana mtoto humng'ang'ania kifuani. Baba ndiye aliyekuwa fumbo, kwa kuwa jike hupandwa na madume wengi. Miaka ya 1990 watafiti walipanda mitini kuokota nywele zilizobaki kwenye viota vya kulalia, baadaye wakageukia kinyesi, na DNA ikawataja akina baba. Kazi ya namna hiyo katika jamii kadhaa za sokwe na gorila, iliyochapishwa mwaka 2012, ilionyesha kuwa wastani wa umri wa mzazi mtoto anapozaliwa ni miaka 25 kwa sokwe na 19 kwa gorila. Kwa binadamu ni 29 hivi.

Hesabu mpya ikarudisha nyuma utengano wa binadamu na sokwe hadi angalau miaka milioni 7 au 8. Kizazi cha babu yao wa pamoja hakikupimwa. Kilikisiwa kutokana na hawa wanaoishi.