Tamthilia za Anga na za Mtaa Zilinyonya Ziwa Moja

Mpenzi wa televisheni huambiwa mara kwa mara kwamba hadithi za vyombo vya anga ni za watoto, na kwamba mtu mzima anayetaka jambo zito atazame tamthilia za mtaani kama The Sopranos au The Wire. Hizo mbili nimezitazama hadi mwisho na nazipenda kwa dhati. Utengano huo ndio nisioukubali, na historia ya runinga nayo haiukubali.

Agosti 1955, jimboni Mississippi, mvulana mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, Emmett Till, aliuawa kikatili, na baraza la wazungu watupu likawaachia washtakiwa. Rod Serling, aliyekuwa tayari mwandishi wa tamthilia mwenye jina kubwa Marekani, alitaka kulileta jambo hilo sebuleni kwa watu. Tamthilia yake, Noon on Doomsday, ilirushwa 1956 ikiwa haitambuliki. Barua za vitisho zilikuwa zimemiminika, na wakubwa wakaogopa. Tukio likahamishiwa New England, mbali kabisa na Kusini, na marehemu akafanywa mgeni tu asiyetajwa asili yake. Hata chupa za Coca-Cola ziliondolewa, kwa kuwa zingewakumbusha watazamaji majimbo ya Kusini. Alijaribu tena 1958, na safari hii aliyeuawa akageuzwa kuwa Mmeksiko wa karne ya 19.

Tarehe 2 Oktoba 1959 Serling huyohuyo alifungua The Twilight Zone katika kituo cha CBS. Katika kipindi kimoja cha 1960 umeme unakatika kwenye mtaa mtulivu, uvumi unaenea kwamba kuna familia ya wageni kutoka angani, na kabla usiku haujakwisha majirani wanarushiana mawe na mmoja wao amepigwa risasi. Wageni wenyewe wako mlimani, wanatazama tu. Hofu iliyomuua Till imo mle ndani nzima, na hapakuwa na Mississippi ya kuhamisha wala chupa ya kuondoa. Kwangu mimi hiki ndicho chanzo: bunilizi ya kisayansi ilikomaa kwenye televisheni kwa sababu tamthilia ya kawaida ilikuwa imezibwa mdomo.

Uingereza njia ilikuwa nyingine. Doctor Who, tamthilia ya bunilizi ya kisayansi, ilianza BBC tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa, chini ya mtayarishaji Verity Lambert aliyekuwa na miaka 27. Mwigizaji mkuu, William Hartnell, alipoondoka 1966, shujaa alibadilishwa mwili na hadithi ikaendelea. BBC baadaye ilifuta kanda nyingi za awali, hasara ambayo hadi leo inaniuma. Vipindi 9 vilivyodhaniwa vimepotea moja kwa moja viligunduliwa katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria, na habari hiyo ikatangazwa 2013.

Marekani, Star Trek ilifuata Septemba 1966. Sayari zake za maboksi na rangi zimechakaa machoni, lakini kwenye daraja la chombo aliketi Luteni Uhura, aliyepewa jina linalotokana na neno letu uhuru, akiigizwa na Nichelle Nichols. Nichols alisimulia kwamba baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha, na Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki: mwanamke mweusi kazini katika karne zijazo, si mtumishi wa jikoni, lilikuwa jambo ambalo watoto walihitaji kuliona. Alibaki. Mwaka 1977 NASA ilimpa kazi ya kuwahamasisha wanawake na watu weusi kuomba nafasi za uanaanga.

Upande wa mtaani nao ulikuwa na la kufundisha. Hill Street Blues, tamthilia ya polisi iliyoanza 1981, iliwazoesha watazamaji hadithi isiyoisha ndani ya saa moja. Babylon 5, tamthilia ya anga, ililichukua somo hilo mbali zaidi: J. Michael Straczynski alipanga hadithi ya miaka mitano tangu mwanzo na kuandika yeye mwenyewe vipindi 92 kati ya 110. Picha zake za kompyuta leo zinachekesha, ila vita vyake vina kumbukumbu. Aliyesaliti msimu wa pili analipa msimu wa nne.

Nenda pia kwa watu wenyewe. David Chase, aliyeiumba The Sopranos mwaka 1999, miaka ya sabini alikuwa miongoni mwa waandishi wa Kolchak: The Night Stalker, tamthilia ya mwandishi wa habari anayefukuza mazimwi. Chris Carter, aliyeiumba The X-Files, aliitaja Kolchak kuwa chemchemi yake. Katika The X-Files aliandika Vince Gilligan, ambaye 1998 alimpa Bryan Cranston nafasi katika kipindi kimoja, na miaka kumi baadaye akamkabidhi nafasi kuu ya tamthilia ya mtaani, Breaking Bad. Mikono ni ileile.

Halafu ikaja Battlestar Galactica mpya, ya Ronald D. Moore. Oktoba 2006, askari wa Marekani wakiwa Iraki, iliwaonyesha Wamarekani binadamu waliovamiwa na roboti, na mashujaa wetu ndio wanaojilipua. Hakuna tamthilia ya kawaida ya wakati ule iliyothubutu hivyo. Machi 2009 waigizaji na waandishi wake walialikwa Umoja wa Mataifa mjini New York kujadili haki za binadamu na ugaidi. Mwisho wake uliniudhi, kwa kuwa uliyaachia miujiza maswali uliyokuwa umeyajenga kwa jasho, lakini nusu ya kwanza sijaona mfano wake.



Kwa sasa naiweka Andor ya Tony Gilroy, ya 2022 hadi 2025, rafu moja na The Wire. Katika The Wire, David Simon alionyesha jinsi idara za Baltimore zinavyomtafuna mtu mwema polepole, kwa fomu na takwimu. Gilroy anaonyesha makarani wa dola wakigombea vyeo mezani huku sayari nzima ikihukumiwa kwa hesabu zao. Jedi, wale mashujaa wa Star Wars, hawamo, na pengo lao silioni.